Dutch Mantell: yule mzee wa masharubu hakuwa msemaji tu

Ukitaja Zeb Colter kwa mashabiki wa mieleka, wengi watakwambia aah yule mzee wa masharubu marefu aliyekuwa anatangulia na Jack Swagger, mzee tu waliyemuokota kwa vile anajua kuongea. Hii naikataa kabisa. Zeb Colter ni jina la kuigizia tu, huyo mzee ni Dutch Mantell, kazaliwa 1949, katumikia jeshi la Marekani Vietnam, halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 akaingia ulingoni. Kwahiyo alipotokea Raw, kipindi cha tivii cha kampuni ya mieleka ya WWE, mwaka 2013 akiwa na miaka 63 alikuwa tayari ana kama miaka 40 kwenye hii kazi, na hata WWE, enzi hizo ikiitwa WWF, haikuwa mara yake ya kwanza, 1995 alikuja kama Uncle Zebekiah akiwa meneja wa wale mapacha Blu Brothers, na 1996 akamsimamia Justin Bradshaw, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa staa wa WWE kwa jina la JBL.

Na alipigana sana. Enzi zake Marekani haikuwa na kampuni moja inayotawala, kila eneo lina promota wake, mwanamieleka anakaa sehemu moja miezi kadhaa, mashabiki wakimchoka anapakia mabegi kwenye gari anaenda eneo lingine. Mantell alitamba zaidi Memphis, anaingia na mjeledi mkononi, na mwaka 1982 aligombea ubingwa na Jerry Lawler ambaye pale mjini alikuwa mfalme kwelikweli.

Sasa dhana inayoniudhi zaidi ni hii ya kwamba mpangaji wa mechi, wenyewe wanamuita buka, kazi yake ni kuandika nani ashinde nani apigwe, basi, anaenda kulala. Jamani. Chukua Memphis hiyohiyo. Jumamosi asubuhi kuna kipindi laivu cha tivii kituo cha WMC, Jumatatu usiku kuna mapambano ukumbi wa Mid-South Coliseum. Mji ni uleule, ukumbi uleule, watu walewale kila wiki, yaani buka ana siku mbili tu za kumfanya mtu aliyekuwa kwenye kochi lake Jumamosi aamue kutoa hela Jumatatu. Anatakiwa ajue ugomvi uanzie wapi, nani aongee na kwa dakika ngapi, nani apigwe leo ili wiki ijayo watu watake kisasi, nani amechuja aondoke, kijana gani yuko tayari kupandishwa. Na malipo ya wanamieleka yalitegemea mapato ya mlangoni, kwahiyo ukumbi ukiwa mtupu buka ndiye wa kwanza kulaumiwa, na waliolala njaa ni wenzake anaowatazama usoni chumba cha kubadilishia nguo. Mantell kaifanya hiyo kazi Tennessee, kaifanya Puerto Rico miaka mingi, kaifanya TNA, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani.

Kingine, watu wanaamini Steve Austin, yule staa mkubwa wa WWF anayejulikana kama "Stone Cold", ni jina alilojibunia mwenyewe, au ndio alilokuja nalo mjini. Hapana. Alipotoka Dallas akaja Memphis alikuwa anaitwa Steve Williams, na tatizo ni kwamba tayari kulikuwa na Steve Williams mwingine mwenye jina kubwa, yule wa "Dr. Death". Mantell ndiye alikuwa buka, akamwambia dogo tafuta jina, dogo akakosa, Mantell akampa Steve Austin. Jamaa hakulipenda kwa sababu ni jina la yule shujaa mwenye viungo vya bandia wa tamthilia ya tivii ya miaka ya 70, The Six Million Dollar Man! Na wala hakuwa staa wakati huo, Austin mwenyewe amesimulia kwamba hela ya Memphis ilikuwa ndogo mpaka alikuwa anakula viazi vibichi. "Stone Cold" ilikuja baadae sana, WWF, 1996, hiyo Mantell hahusiki.

Halafu kuna hili la Bruiser Brody, mwanamieleka wa Marekani, na hapa naomba watu wawe makini na midomo yao. Brody alichomwa kisu bafuni uwanjani Bayamón, Puerto Rico, Julai 1988, akafariki. Aliyeshtakiwa alikuwa mwanamieleka mwenzake ambaye pia alikuwa buka wa kampuni ile, na 1989 mahakama ikamuachia kwa hoja ya kujitetea. Watu wanasema Wamarekani waliokuwepo waliogopa wakakimbia ushahidi. Mantell alikuwepo usiku ule, na anachoeleza miaka yote ni kwamba barua ya kumuita mahakamani ilimfikia kesi ikiwa imeshaisha. Kumuita mtu mwoga kwa barua iliyochelewa ni kumuonea.

Kuhusu mieleka ya wanawake nitapita haraka, ila wanaosema ilianza kuwa serious WWE 2015 hawakuiona TNA ya 2007, wanamieleka Gail Kim na Awesome Kong, na Mantell alikuwa mmoja wa waliokuwa nyuma ya pazia wakiisukuma.

Turudi kwa Zeb Colter. Wapo wanaoamini yale maneno ya kuchukia wahamiaji aliyokuwa anayasema ulingoni yalikuwa moyoni mwake. Yule alikuwa adui wa kwenye stori, steringi alikuwa Alberto Del Rio, Mmexico, na ndiye aliyemshinda Swagger WrestleMania 29, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka. Mtangazaji wa Marekani Glenn Beck alipokasirishwa na uhusika huo Februari 2013, WWE ikatoa video ambayo Swagger na Mantell wanavua uhusika, wanajieleza kama watu wa kawaida kwamba hii ni kazi ya kuigiza. Na huyu ni mtu aliyekula mkate wake Puerto Rico, kwa watu wanaoongea Kihispania, miaka na miaka.

Ila angalia kilichotokea baadae. Akawaunganisha Swagger na Cesaro, ambaye ni Mswisi, eti Wamarekani halisi, na watu waliotakiwa kuwazomea wakaanza kuweka mkono kifuani na kuitikia kauli mbiu yao "We the People" (Sisi wananchi) ukumbi mzima. Kufika katikati ya 2014 Swagger anakutana na Rusev, adui wa kwenye stori aliyekuwa anaisifu Urusi, na Swagger anashangiliwa kama steringi, na Zeb yupo pembeni ya ulingo na kipaza sauti chake.