"Alizila Zote": Maneno ya Baraza Kuhusu Mchezaji Aliyetundika Njumu

Kaa baraza yoyote ya Majengo, Mombasa, baada ya alasiri, dele la kahawa tungu katikati na kashata kwenye sinia. Atapita mtu mzima anayechechemea kidogo, na maneno yatakatika. Akishapinda kona, mmoja atasema: "Huyo alikuwa winga, wewe! Beki alikuwa akikaa chini mwenyewe." Wa pili atamalizia: "Sasa muone. Alizila zote."

Neno hilo, kwamba pesa zake zote alizitapanya, nimelisikia tangu utotoni, na nikilisema mwenyewe, mpaka siku moja nilipomuuliza mmoja wao. Ni jirani yetu, sote twamwita ami, na alicheza misimu minane katika ligi ya juu. Nilimuuliza: ami, zilikuwa ngapi? Akacheka, akaitisha kalamu.

"Alikuwa na mapesa, akayachezea"

Mshahara wake wa miaka ya mwisho ulikuwa Sh40,000 kwa mwezi. Huo ni ule ulioandikwa. Kila msimu miezi kama mitatu ilipita bila kulipwa kabisa, kwa hivyo mwaka wake wa mapato ulikuwa wa miezi tisa: Sh360,000. Chumba na sebule Kisauni alilipa Sh8,000, na mwenye nyumba hajui miezi tisa, yeye ana kumi na miwili: Sh96,000. Naye alikuwa akimtumia mamake Sh10,000 kila mwezi: Sh120,000. Zikabaki Sh144,000 za mwaka mzima, yaani kama Sh400 kwa siku za kula, kuvaa, kupanda matatu, kumtibu mtoto na kununua njumu, maana klabu ilitoa jozi moja tu na jozi moja haimalizi msimu kwenye viwanja vyetu.

Akaniwekea kalamu mbele. "Haya, nionyeshe nilizozila."

Wako waliofuja, sikatai. Mimi mwenyewe nimemuona kijana akinunua gari kabla ya kununua kitanda. Lakini kisa cha mtu kama huyo ndicho kinachosimuliwa miaka ishirini, na wale wengine hamsini waliokuwa wakihesabu nauli hawana wa kuwasimulia. Wala hili si la Pwani wala la Kenya pekee. Mwaka 2016 shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, FIFPRO, lilitoa ripoti iliyotokana na majibu ya wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Asilimia 45 hivi walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mshahara katika misimu miwili iliyotangulia. Wale tunaowaona kwenye televisheni Jumamosi usiku ni sehemu ndogo sana ya watu wa kazi hii.

Wazee wetu nao hawakupata hata huo mshahara wa karatasi. Feisal ya Mombasa ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na mpira wakati huo ulikuwa wa ridhaa: mtu anafanya kazi mchana, jioni anavaa jezi. Mahmoud Abbas, golikipa tuliyemwita "Kenya One", alikuwa langoni enzi zile Kenya ilipobeba kombe la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Anayedhani vikombe vile vilikuja na nyumba Nyali, kwa matajiri, hajui mpira wa zama hizo ulivyokuwa.

"Aliuzwa mamilioni, kwa hivyo ana mamilioni"

Hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu huzua ugomvi hata ndani ya familia. Gazeti likiandika kwamba fulani ameuzwa kwa euro milioni moja, shangazi zake huanza kupiga simu jioni hiyo hiyo.

Ada ya uhamisho hulipwa na klabu kwa klabu. Mchezaji hula mshahara wake mpya, na pengine fedha za kusaini, ikiwa walikubaliana. Euro milioni ile hupita juu ya kichwa chake kama ndege inayotua uwanja wa Moi: kelele unazisikia, abiria humjui.

Kuna kipande cha fedha hizo, hata hivyo, ambacho kingeweza kufika mtaani kwetu, na mara nyingi hakifiki. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akihama kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 unahesabiwa robo ya asilimia moja ya ada. Kila msimu wa 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Klabu iliyomlea mtoto misimu minne ya mwanzo inadai asilimia moja. Kwenye ile euro milioni, ni euro 10,000, zaidi ya shilingi milioni moja za Kenya, kwa timu ambayo huenda mpira wake wa mazoezi una viraka.

Kwa nini hazifiki? Karatasi. Lazima klabu iwe imesajiliwa chini ya shirikisho, na mtoto awe ameandikishwa rasmi kwa jina lake na tarehe zake. Timu nyingi za mitaani huandika majina kwenye daftari la mraba, na daftari huondoka na kocha anapohama mtaa. Basi mtoto anakulia Tononoka, anauzwa Ulaya, na kitabuni ni kana kwamba alizaliwa ana miaka kumi na minane.

"Asipolipwa hana la kufanya, avumilie"

Viongozi wa klabu hupenda sana wachezaji waamini hivi. Mdhamini mkuu wa ligi yetu alipojiondoa mwaka 2019, kuvumilia kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Tangu Juni 2018 kanuni za FIFA zinasema klabu ikikosa kulipa mishahara miwili ya mwezi, mchezaji anaweza kuiandikia ilani ya siku 15, na zikiisha bila malipo ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba na kudai haki yake. Kenya ina chama cha maslahi ya wachezaji, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO na hushughulikia madai ya namna hii. Ila kila hatua inaanza na swali moja: mkataba wako uko wapi? Ami alidai miezi saba. Katibu wa klabu alimjibu kwa upole kabisa kwamba jina lake halionekani kwenye faili, na yeye hakuwahi kupewa nakala. Kesi ikaishia hapo, kwenye ngazi za afisi.

"Mpira unakwisha ukifika miaka thelathini na tano"

Baadhi huvuka hapo. Essam El-Hadary wa Misri alisimama langoni kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Lakini huyo ni golikipa, na ni mmoja. Ripoti ile ya FIFPRO ilikuta wastani wa mkataba wa mchezaji haufiki hata miaka miwili, kwa hivyo mchezaji wa kawaida hayuko mbali sana na siku ya kuambiwa asante. Wengi hawastaafu, huachwa. Hakuna mechi ya kuagwa wala shada la maua. Simu ya kocha haiji mwezi wa kwanza, wa pili haiji, mpaka mke anauliza: kwani mazoezi yameanza lini mwaka huu?

Ami alikuwa na miaka 29. Ligamenti ya mbele ya goti ilikatika katika mechi ya kirafiki, si hata ya ligi. Klabu ililipia picha ya eksirei.

"Mwanamichezo hazeeki, mwili ni chuma"

Ukweli hapa una pande mbili. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow waliangalia rekodi za wachezaji wa zamani wa kulipwa 7,676 wa Uskoti. Waliokufa kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu walikuwa wachache kuliko watu wa kawaida wa umri wao. Mbio zile zilikuwa na faida. Lakini vifo vilivyotokana na maradhi ya ubongo kuchakaa, pamoja na yale ya kusahau, vilikuwa mara tatu na nusu. Ripoti ya baadaye ya watafiti hao ilionyesha hatari iko juu zaidi kwa mabeki, na magolikipa hawakuonekana kuwa nayo zaidi ya watu wengine, jambo linalowafanya wengi wauangalie upya mpira wa kichwa. Magoti nayo yana hadithi yake: utafiti wa Nottingham wa 2017 ulikuta wachezaji wa zamani wa Uingereza wana uwezekano mara mbili hadi tatu wa goti kuchakaa.

Na kuna ambalo baraza haliligusi kabisa. Mwaka 2015 FIFPRO ilichapisha matokeo kuhusu wachezaji na waliostaafu kutoka nchi 11: asilimia 35 ya waliostaafu walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Wale walioumia vibaya mara tatu au zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Huku kwetu mtu akijifungia ndani miezi miwili tunasema kuna mkono wa mtu, au amekuwa na maringo. Ami aliniambia mwaka wake wa kwanza alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa raba, anakaa kitandani mpaka jua litoke. Hakuwa na pa kwenda kukimbia, na usingizi nao haukurudi.

"Atafundisha tu, si anaujua mpira?"

Kuujua mpira na kuufundisha ni kazi mbili. Shirikisho la Afrika, CAF, lina ngazi za leseni kuanzia D hadi ile ya Pro, na kila kozi ina ada, muda na mtihani. Anayesubiri mpaka goti limkatae ndipo atafute leseni ya kwanza anaanza foleni nyuma ya walioanza wakiwa bado wanacheza.

Jina nalo si leseni. McDonald Mariga, kiungo wa Kenya, alikuwa Inter Milan mwaka ule wa 2010 walipotwaa vikombe vitatu. Alipogombea ubunge wa Kibra mwaka 2019 alishindwa. Desemba 2024 ndipo alipochaguliwa makamu wa rais wa shirikisho la soka la Kenya. George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, alishindwa uchaguzi wa urais wa Liberia kwanza mwaka 2005, akaingia ikulu 2018. Kama majina ya ukubwa huo yalihitaji kusubiri, winga wa Ligi Kuu atakwenda na jina lake wapi?

"Timu ya kampuni ni kazi ya maisha"

Inategemea barua. Ulinzi ni timu ya jeshi na wachezaji wake ni wanajeshi. Njumu zikitundikwa, gwanda linabaki. Lakini kuvaa jezi ya shirika si sawa na kuwa mfanyakazi wa shirika. Mwenye barua ya ajira ana likizo, NSSF na pensheni. Mwenye kandarasi ya mpira peke yake, siku ikiisha lango la mazoezi linafungwa naye yuko nje. Nimewaona wawili waliokaa kiti kimoja cha basi la timu miaka sita, kumbe kila mmoja ana barua ya aina yake, na wote wawili hawakulijua hilo mpaka mwisho.

"Anaendesha tuktuk. Ameanguka"

Ami huendesha tuktuk, kutoka Mwembe Tayari hadi feri ya Likoni. Ni yake, amemaliza kuilipia. Anasema kwa siku nzuri hupata zaidi ya zile Sh400, na hakuna katibu wa kumwambia arudi Jumatatu. Kinachomuudhi ni abiria wanaomtambua halafu wanaacha chenji kwa huruma.

Wiki iliyopita nilipanda naye. Mbele yangu alikuwapo kijana wa Mikindani, beki wa kushoto, ana miaka 19 na uso wa mtu aliyelala na habari njema. Kumbe ametoka kusaini mkataba wake wa kwanza.

"Hongera, mwanangu," ami akasema. "Miaka mingapi?"

"Mitatu, ami."

"Nakala yako iko wapi?"

Kijana akapapasa mfuko kana kwamba huenda ikawamo. "Imebaki afisini. Walisema nitaipitia siku yoyote."

Ami hakujibu. Akaangalia kioo, akangoja matatu ipite, akageuza tuktuk pale pale barabarani. Mama mmoja aliyekuwa akiwahi feri akaanza kulalamika.

"Vumilia kidogo, mama," ami akamwambia. "Twarudi afisini mara moja."