Kwa nini fataki hutoka nyeupe kwenye picha ilhali tumeziona nyekundu?

Mkesha wa mwaka mpya, fataki inapasuka nyekundu juu ya mabati ya Mwanjelwa, Mbeya nzima inashangilia. Ukifungua picha unakuta doa jeupe na moshi. Rangi ilikuwepo: wekundu hutokana na chumvi za strontiamu, kijani na bariamu, buluu na shaba. Kilichoiharibu ni mwanga kuzidi. Kamera ikiachwa ijipangie yenyewe huona anga jeusi, hudhani mwanga hautoshi, na hupokea mwingi kupita kiasi. Sehemu iliyokwisha kujaa hubaki nyeupe, na hakuna programu ya kuirudishia rangi.

Hapo wengi hukimbilia kufupisha muda wa shata, yaani kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga. Hilo halisaidii sana, kwa sababu cheche inatembea. Inapita kila nukta ya picha kwa kitambo kidogo, ikaenda zake. Shata ikae wazi sekunde 2 au 8, mchirizi ule unabaki na ukali uleule wa mwanga. Ukali wake unaamuliwa na tundu la lenzi na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Muda wa shata unaamua urefu wa michirizi, idadi ya fataki zitakazoingia kwenye picha moja, na mwanga wa taa za mji, maana taa hazitembei. Ukipiga kutoka mwamba wa Gangilonga, mji wa Iringa ukiwa chini yako, taa hizo ndizo zitakazokuwekea kikomo cha muda.

Anza na ISO 100, f/11, sekunde 3. Namba ya f ni ya tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Michirizi ikiwa hafifu, fungua hadi f/8; ikiungua, yaani ikitoka myeupe, funga hadi f/16. Fokasi iweke kwa mkono kwenye taa ya mnara wa mbali kabla onyesho halijaanza, kisha usiiguse tena. Flashi zima. Zima pia kipengele cha kusafisha chengachenga (nukta za ovyo) za picha za muda mrefu, kwani baada ya sekunde 3 za kupiga, kamera inaweza kukaa nyingine 3 ikijisafisha huku fataki zinakupita.

Kamera lazima iwe kwenye stendi ya miguu mitatu. Mahali penye upepo kama Makambako, usiinue nguzo ya katikati. Ninginiza begi chini yake, likigusa ardhi kidogo ili lisibembee. Bonyeza shata kwa rimoti au waya, maana kidole chenyewe hutikisa.

Wakati wa kubonyeza ni pale fataki inapopanda. Usingojee mlio! Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo ukiwa umbali wa kilomita 1, ukisikia kishindo ua limeshafunguka sekunde 3 zilizopita.

Simu nyingi haziwezi kubadilisha tundu la lenzi, na tundu lenyewe ni pana. Ingia kwenye mpangilio wa kujipangia mwenyewe, weka ISO 50 kama ipo, sekunde 1, na uiegemeze simu kwenye kitu imara. Kama mpangilio huo haupo, shikilia kidole juu ya fataki ya kwanza mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga.

Desemba Nyanda za Juu ni mvua na ukungu. Lenzi iliyoelekezwa angani usiku wa baridi hushika umande bila wewe kujua, na picha zote huwa kama zimepigwa nyuma ya pazia, kwa hiyo ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya dakika chache. Simama upande upepo unakotokea ili moshi uende mbali nawe. Hata hivyo picha safi kabisa ni za dakika za mwanzo. Usizipoteze kwa kuhangaika na mipangilio.

Mwishoni zinaporushwa nyingi kwa mpigo, michirizi hupandana na kuungua mahali inapokutana. Hapo ndipo kufupisha muda kunasaidia: f/16, sekunde 1.