Star Trek: tunayoyakosea kuhusu Waklingon na majirani zao

Kila wapenzi wa Star Trek, tamthilia na filamu za Kimarekani za safari za angani, wanapokutana, lawama mbili hazikosi. Ya kwanza, kwamba waandishi husahau walichoandika jana. Ya pili, kwamba kila sayari ina watu wa tabia moja, kana kwamba wote walilelewa na mama mmoja. Lawama hizo zina chembe ya ukweli, ndiyo maana zimedumu. Lakini mtu akizitazama tamthilia zenyewe kwa mfuatano, kuanzia ile ya 1966, ataona mambo hayakwenda hivyo.

"Ulimwengu wote ulipangwa mwanzoni, kisha wakauvuruga"

Haukupangwa. Gene Roddenberry, mwanzilishi wake, na wenzake walikuwa wakijenga nyumba huku wapangaji wameshaingia. Katika kipindi kimoja cha mwanzo, jiwe la kaburi linamtaja nahodha wa chombo cha angani kama James R. Kirk, baadaye akawa James T. Katika kipindi hichohicho Spock, msaidizi wake kutoka sayari ya Vulcan, anasema kuna mhenga wake aliyeoa binadamu. Kumbe, tunakuja kuambiwa, binadamu huyo ni mama yake mzazi. Hata Shirikisho, muungano wa sayari ambalo leo tunaliona kama mhimili wa hadithi nzima, halikutajwa hadi Januari 1967, tamthilia ikiwa hewani kwa miezi kadhaa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili nasi tuna kosa letu hapa. Tunalipenda jina la Nyota Uhura, afisa wa mawasiliano katika chombo cha Kirk, na kudhani alikuja nalo lote. "Uhura" ndilo la tangu 1966, lililotokana na neno letu uhuru, na Nichelle Nichols ndiye aliyelibeba. "Nyota" lilianzia vitabuni, na katika skrini halikusikika hadi filamu ya 2009. Kiswahili chenyewe kilikuwapo tangu siku ya kwanza: kwenye kipindi cha tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayebadili umbo anamjia Uhura kwa sura ya mwanamume Mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa kusoma upya, akikwama ulimi unamrudisha kwenye Kiswahili. Katika tamthilia iliyoanza 2022 inatajwa wazi kwamba kwao ni Kenya.

"Mapaji ya Waklingon yalibadilika kwa sababu ya usahaulifu"

Waklingon, viumbe wa sayari nyingine na mahasimu wa Shirikisho, walipoonekana mara ya kwanza, Machi 1967, walikuwa watu waliopakwa rangi usoni na kubandikwa nyusi na ndevu. Bajeti na muda wa tamthilia ya kila wiki havikuruhusu zaidi. Fedha za filamu ya 1979 zikawapa matuta ya mfupa kwenye paji la uso. Huo ulikuwa uamuzi, na wote walijua wanachofanya.

Ushahidi ninaoupenda ni wa 1994. Deep Space Nine, mojawapo ya tamthilia za Star Trek zilizofuata, iliwarudisha Kor, Kang na Koloth, makamanda watatu wa miaka ya sitini, na wakaigizwa na watu walewale: John Colicos, Michael Ansara na William Campbell. Safari hii kila mmoja ana matuta, na hakuna anayeuliza. Miaka miwili baadaye wahusika wanasafiri kurudi enzi ya Kirk, wanawaona Waklingon wenye mapaji laini, na kumgeukia Worf, Mklingon aliye miongoni mwao. Anajibu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje.

Mwaka 2005 yakaletwa maelezo kamili, ya virusi vilivyotokana na majaribio ya vinasaba vya binadamu walioboreshwa. Yanaunga hadithi vizuri. Hata hivyo kwangu jibu la Worf ndilo lenye uzito, kwa sababu aliyekulia katika ukoo mkubwa anajua kuna mambo ambayo hata mgeni anayependwa haambiwi.

"Waklingon wote ni wapiganaji wa heshima"

Hapa ndipo tunapopotoka zaidi. Kor wa 1967 ni gavana mjanja wa jeshi la uvamizi. Heshima si neno lake. Katika tamthilia hiyo ya kwanza, adui mwenye heshima alikuwa kamanda wa Waromulan, mahasimu wengine wa Shirikisho, aliyeigizwa na Mark Lenard. Heshima ya Kiklingon ilikuja na Worf kuanzia 1987, na mwandishi Ronald D. Moore akaitia mizizi kwa kipindi cha 1990 ambamo Worf anakubali kubeba aibu ya usaliti ambao baba yake hakuufanya, ili dola isiingie vita vya wenyewe kwa wenyewe. Angalia kilichofanyika pale: Baraza Kuu linajua ukweli na linaufukia. Heshima haikuonyeshwa kama damu ya kabila. Ilikuwa jambo wanalogombania wao kwa wao, wengine wakiliishi na wengine wakilitumia kama vazi la sherehe.

Kisha kuna Kolos, wakili mzee wa kipindi cha 2003 anayemtetea Nahodha Archer, binadamu, katika mahakama ya Kiklingon. Anasimulia kwamba baba yake alikuwa mwalimu na mama yake mwanabiolojia wa chuo kikuu. Anasikitika kwamba vijana sasa wanakimbilia silaha na kuambiwa kila ushindi una heshima, hata wa kumpiga mnyonge. Kwa mazungumzo hayo machache, "wapiganaji wote" inageuka kuwa tabaka moja lililopanda na kuyafunika mengine.

Lugha yao nayo si kelele za kubuni papo kwa papo. James Doohan, mwigizaji wa Scotty, alitunga maneno machache ya filamu ya 1979; mwanaisimu Marc Okrand akaijengea sarufi, na kamusi ikatoka 1985. Mtendwa hutangulia, kisha kitendo, kisha mtenda. Kwa mpangilio huo, "simba alimwona mtoto" maana yake aliyeona ni mtoto.

"Wavulcan hawana hisia"

Wavulcan, watu wa Spock, wanazo, na kali. Mafunzo ya Surak, mwanafalsafa wao wa kale, ni nidhamu ya kuzitawala, kwa sababu zamani nusura ziwaangamize. Na hawana sauti moja: vipindi vya 2004 vinaonyesha serikali ya Vulcan ikiwawinda wafuasi wa Surak kwenye ardhi ya Surak mwenyewe.

"Mashine ya kutafsiri huondoa tofauti zote"

Katika kipindi cha 1991 Picard, nahodha wa tamthilia ya baadaye, anakutana na Watamaria, viumbe wa sayari nyingine. Mashine inatafsiri kila neno na bado haeleweki mtu, maana wao husema kwa kudokeza visa: "Darmok na Jalad kule Tanagra." Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana. Mtu akisema "sizitaki mbichi hizi", asiyemjua sungura na ndizi zake atadhani tunazungumzia sokoni.

Pale lawama ni za haki

Watrill, kabila jingine la angani, mwaka 1991 walikuwa na uvimbe kwenye paji la uso na hawakuweza kutumia kisafirishi, mashine ya kumhamisha mtu papo hapo. Walioonekana kuanzia 1993 wana madoa tu, nao husafirishwa bila tatizo. Hilo ni kosa, nami silitetei.

Waferengi, wafanyabiashara wa angani, ni habari nyingine. Mwaka 1987 walikusudiwa wawe maadui wa kuogopwa, na wakatoka viumbe wa kurukaruka na mijeledi. Armin Shimerman, aliyekuwa mmoja wao siku ile, alirudi 1993 katika Deep Space Nine kama Quark, mwenye baa, na kwa misimu saba tukaona familia ikipasuka juu ya mila yake yenyewe: mama anayevaa nguo na kutafuta faida ingawa sheria inawakataza wanawake, Quark mwenyewe anayeshikilia kanuni 285 za biashara, na mdogo wake Rom aliyeongoza mgomo katika baa ya kaka yake 1996. Tamthilia ilipofika mwisho 1999, Rom ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa Waferengi wote.