"Ana rekodi": maana yake kwenye leseni za kazi

Yakizungumzwa masharti ya leseni za kazi nchini Marekani, hakosi mtu wa kusema: "Huyo aliwahi kukamatwa, ana rekodi, leseni asahau." Sentensi moja, makosa mawili.

Kumbukumbu za polisi huandika mengi, hata kukamatwa. Lakini rekodi inayostahili kupimwa kwenye leseni ni ya makosa ambayo mahakama imemtia mtu hatiani.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya vizuri, ndiyo maana inaniuma tunapoyachanganya. Tuhuma, neno lililotoka Kiarabu, ni shaka tu juu ya mtu. Shtaka limetokana na kushtaki, yaani kupeleka malalamiko: mmoja amesema, mwenzake bado hajajibu. Hatia ndiyo kosa lenyewe, na husemwa mtu "ametiwa" hatiani kwa sababu yupo wa kumtia, nayo ni mahakama peke yake. Mtuhumiwa, mshtakiwa, mwenye hatia: hao ni watu watatu. Mtu anaweza kulala mahabusu usiku kucha, akatoka asubuhi angali yule wa kwanza.

Rudolph Schware alizuiwa kufanya mtihani wa uwakili New Mexico kwa madai kwamba hana tabia njema. Sababu mojawapo ni kuwa aliwahi kukamatwa mara kadhaa, ingawa hakutiwa hatiani hata mara moja. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki yake: kukamatwa peke yake hakuthibitishi kwamba mtu ametenda kosa, na sharti la kazi lazima lihusiane na uwezo wa kuifanya kazi hiyo.

Kosa la pili ni hilo "asahau". Hata mwenye hatia hafungiwi kila mlango. Pennsylvania, wanawake wawili waliowahi kutiwa hatiani walinyimwa leseni ya urembo kwa kigezo hicho hicho cha tabia njema, ilhali vinyozi, wanaoweza kufanya kazi saluni moja nao, hawakuwekewa. Mwaka 2020 mahakama ya jimbo ilikifuta kigezo hicho kwa kazi ya urembo.

Kwa hiyo ukipewa fomu, soma kitenzi kabla ya kujibu: "umewahi kukamatwa" na "umewahi kutiwa hatiani" ni maswali mawili. Na ukimzungumzia mtu aliyekamatwa, sema alikamatwa, uishie hapo.