Je, wajua mrama wa jahazi hufikaje kwenye simu bila bando?

Funga sensa ya mwendo ndani ya jahazi pale Shela, iunganishe na maikrokontrola ndogo (chipu iliyo kama kompyuta ndogo) kama ESP32, na simu ya nahodha itaonyesha papo hapo chombo kinavyolala kikibisha dhidi ya upepo. Wengi huuliza bando limeliwa kiasi gani. Hakuna bando. Data haipiti mnara wala intaneti. Inatoka kwenye chipu moja kwa moja hadi simuni kwa Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya 2.4 GHz. Zima data, toa hata laini, grafu itaendelea kuchoreka. Bando huhitajika tu ukitaka aliyeko Mombasa aione pia.

Dhana ngumu zaidi kung'oka ni kwamba redio hiyo hurusha bila kupumzika. Bluetooth ya nishati ndogo, iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010, hulala karibu muda wote, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Ichukulie kama boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu, yenye ratiba kali. Ratiba huamuliwa na simu: kila baada ya muda fulani, kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, pande zote mbili huamka. Vipimo vilivyokuwa vikisubiri gatini hupanda, huvuka, simu huthibitisha kuvipokea, kisha usingizi tena. Kisichothibitishwa hurudia safari inayofuata. Na viti vina hesabu: kwa mpangilio wa awali, ujumbe mmoja hubeba baiti 20. Sensa ya MPU-6050 hutoa namba sita, tatu za mchapuko na tatu za mzunguko, kila moja baiti 2. Jumla 12, zinaenea. Zigeuze kuwa desimali za baiti 4, zinafika 24, na abiria wa mwisho anabaki gatini. Afadhali kutuma namba mbichi, hesabu ifanywe na simu.

Adui halisi ni maji ya chumvi, yanayoyameza mawimbi haya ndani ya sentimita chache. Hata miili ya mabaharia huyapunguza. Juu ya mlingoti njia ni nyeupe, lakini huko kuyumba huchanganyika na mvutano wa dunia, na pembe husomeka vibaya. Anayetaka pembe sahihi huifunga sensa chini, juu kidogo ya maji ya ngama yanayojikusanya chini ya chombo, ndani ya kasha lisilopitisha maji, na simu huiweka karibu.