Je wajua kwa nini taa ya nyuma ya MR2 inaweza kuwa ghali kuliko alteneta yake?

Alteneta ni chuma, ndani ina koili za shaba, bila yake betri inakufa na gari inasimama. Taa ya nyuma ni plastiki na balbu basi. Sasa nenda kwa muuza spea za mtumba hapa Mjini Unguja ukaulize vyote viwili vya Toyota MR2, gari ndogo ya spoti ya viti viwili, lile toleo la SW20 la taa za mbele za kuchomoza, uone anavokujibu. Alteneta atakutajia bei ya kawaida na pengine atapunguza hapohapo, ila ukitaja taa ya nyuma anakaa kimya kwanza, anakutazama, halafu anataja bei ya kukufanya ucheke. Wengi wanaondoka wanasema yule mwizi. Pengine mwizi kweli, lakini pengine bei ya taa ni ya haki kabisa na hiyo alteneta ndo aliyokupandishia.

Watu wanadhani gari ikiwa adimu basi kila kilichomo ndani yake ni adimu. Sivyo. Bei ya spea inafuata nani mwengine anaeweza kuitumia na wewe utaipata wapi nyengine. SW20 ilitengenezwa kuanzia 1989 mpaka 1999, injini imekaa nyuma ya viti, na hapa kisiwani ikipita watu wanageuka. Lakini injini yenyewe ni ya ukoo wa 3S, ukoo ule ule Toyota waliufunga kwenye Carina, Caldina, RAV4 za mwanzo na hata Noah ya SR40 inayobeba watoto wa skuli. Ukoo si upacha, khasa kwa vile MR2 nyingi zina 3S-GE au ile ya turbo 3S-GTE na Noah ina 3S-FE, kwa hivo usifikiri kila kitu kinaingia tu, ila fundi anaejua kazi anaweza kukutafutia alteneta ya ndugu zake, akabadilisha puli au plagi, gari ikatembea. Taa ya nyuma haina ndugu. Tena zile za mviringo za modeli ya 1994 kwenda mbele zinakubali kwenye SW20 zote, kwa hivo hata mwenye gari ya 1990 anazitaka, na zilizopo ndo hizo hizo zinagombaniwa.

Utajuaje spea ina ndugu au haina? Soma namba yake. Namba ya Toyota ina tarakimu kumi, tano na tano. Tano za mwanzo zinasema kitu gani: 81110 ni taa ya mbele kulia, 81150 ya kushoto, 90915 ni filta ya oili. Tano za mwisho zinasema ya nani, na kwa vitu vya bodi mara nyingi mbili zinazoanza pale ndo alama ya gari, 17 ni MR2, 12 ni Corolla, 60 ni Land Cruiser. Sasa ukiona spea "ya MR2" imeandikwa 12 pale kati, yakhe, hiyo ilizaliwa kwa Corolla na bei yake iwe ya Corolla. Na namba zinazoanza na 90 kwa kawaida ni vitu vya kawaida vinavyotumika kwenye gari kibao, huko usikubali kabisa kusikia habari za uadimu. Dakika mbili za kufuta vumbi na kusoma stika zinakuokolea pesa kuliko saa nzima ya kuvutana bei.

Halafu kuna Marekani. Sheria yao inaruhusu gari iliyotimiza miaka 25 iingizwe bila kulazimika kufikia viwango vyao vya usalama, ndo maana Nissan Skyline GT-R R34 iliyotoka 1999 ilianza kuruhusiwa 2024 na bei zilishaanza kupanda kabla. SW20 za mwisho nazo ni za 1999. Kwao MR2 hiyo iliuzwa mpaka 1995 tu na injini ya turbo ya farasi 245 iliyouzwa Japani hawakupewa, sasa wananunua Japani injini, taa, vipande vya bodi, na sisi tunaagiza kwenye rafu hiyo hiyo. Lakini angalia hapa, maana ndo penye nafuu yetu: gari nyingi zilizouzwa kwao ni za usukani kushoto, kwa hivo dashibodi ya usukani kulia, stelingi raki ile ya kugeuzia matairi, vitu kama hivyo wao hawavigombanii kivile. Muuzaji akikwambia dashibodi imepanda kwa sababu ya Wamarekani, mwambie atafute sababu nyengine.

Kuna na kinyume chake, kiwanda kikirudia kutengeneza. Nissan walianza na spea za GT-R R32 mwisho wa 2017, Toyota wakafuata 2020 na Supra A70, A80 na 2000GT. Spea mpya ikirudi kwenye katalogi, ya mtumba haina tena sababu ya kuuzwa kuliko mpya, ingawa utakuta mtu bado anaishi na bei ya zamani.

Basi haki yenyewe unaipimaje? Anza na bei iliyolipwa, si bei iliyoandikwa. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni mbili na kitu kikakaa mwaka mzima. Yahoo! Auctions ya Japani inaonesha minada iliyokwisha na bei iliyoangukia, eBay nayo unaweza kuchuja uone vilivyouzwa tu. Tazama kadhaa, acha ya juu sana na ya chini sana. Kisha ongeza usafiri wa ndani ya Japani, wakala, meli au ndege, ushuru, na nauli ya boti kama mzigo umeshukia Dar, na kama uko Chake Chake kule Pemba basi na safari nyengine tena. Hapo ndo inapoishia bei ya juu kabisa, akipita hapo unaagiza mwenyewe.

Usafiri ndo unaowadanganya wengi. Bampa lina kilo tano tu, lakini kwa ndege wasafirishaji wengi wanapima ukubwa, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawa kwa 5,000. Boksi la 170 kwa 50 kwa 45 linahesabiwa kilo 76 na nusu. Kwa hivo bampa la laki moja kule linaweza kufika hapa limeshakula usafiri mara kadhaa ya bei yake, na yule mwenye nalo Mwanakwerekwe akitaka laki nne si lazima awe anakuibia. Kompyuta ya injini ni kinyume, boksi dogo, usafiri mdogo, na hapo bei ya hapa haina ruhusa ya kuwa mbali na ya kule.

Bei ya chini nayo inategemea muuzaji kaipataje. Wengi wanaleta nusu gari, yaani gari iliyokatwa, injini na giaboksi vikishauzwa pesa yake imerudi, vilivyobaki ni faida. Ukijua hivo unaweza kumbana kidogo. Lakini usimsubirishe ukidhani atalegea, samaki wa soko la Malindi hapa Mjini jioni anashuka bei kwa sababu ataoza, taa haiozi. Na mnunuzi wa MR2 hapa ni wewe na pengine mwengine mmoja, muuzaji naye ni mmoja, hapo hakuna bei ya soko, kuna mapatano tu. Mimi naona hata akifika sawa na bei ya kuagiza sio dhulma, maana umeishika, umeigeuza, na hukungoja meli.

Ila igeuze kweli. Plastiki na raba vinazeeka kwa jua hata kama gari haikutembea, taa yenye nyufa za nywele ndani ya lenzi ikipata mvua ya masika inajaa maji. Chuma cha chini ya gari iliyotoka Hokkaido, kaskazini ya Japani, kimeshaonja chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, na hewa ya bahari yetu inamalizia. Kwenye MR2 tazama mabomba ya maji yanayopita chini kutoka rejeta ya mbele mpaka injini ya nyuma, yakiwa na kutu ya kubanduka hata ya bure usichukue. Turbo itikise shafti yake kwa kidole, ikicheza sana huku na huku huo ni mzigo wa kufumua, lipa bei ya mzigo wa kufumua.

Vya umeme havionekani kwa macho. Kompyuta, sensa, mota ya kuinulia taa, omba ukifunge kwenye gari kwanza. Akikubali ujaribu siku chache, lipa bei anayotaka. Akisema kikitoka dukani hakirudi, mwambie basi nusu bei, maana hasara yote umeibeba wewe.