Kibanja si kiwanja: kwa nini mnunuzi wa ardhi Buganda hulipa kanzu?

Ukinunua ardhi kandokando ya Kampala, huenda ukakuta kwenye orodha ya malipo neno ambalo kila Mswahili analijua na bado halimsaidii kitu: kanzu. Si kanzu ya Idi. Ni pesa, mara nyingine pesa nyingi, na anayelipwa si yule aliyekuuzia. Kwa nini?

Jibu nililokuwa nalo mimi lilikuwa baya mara mbili, na ubaya wenyewe ulianzia kwenye neno jingine kabisa.

Nimekulia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako ardhi kwa sehemu kubwa ni ya kimila: unashughulika na ukoo, wazee wanakaa, mipaka inaonyeshwa, basi. Broka wa Kampala aliponipigia simu kuwa kuna "kibanja kizuri sana, bosi, Matugga, milioni 22", sikio langu lilifanya kazi yake ya Kiswahili, likasikia kiwanja. Maneno haya ni ndugu wa damu. Hata ukivuka mpaka kwa Wahaya wa Bukoba, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Lakini watoto wa tumbo moja si lazima wawe na tabia moja. Kiwanja ni kipande cha ardhi. Kibanja cha Buganda ni haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake iko kabatini kwa mtu mwingine.

Mimi sikulijua hilo. Tukakaa chini ya mfenesi nyumbani kwa mwuzaji, mzee wa miaka sabini hivi, broka akasoma karatasi: bei shilingi milioni 22 za Uganda, chai ya mashahidi, mwandishi wa mkataba, kanzu. Mbele ya neno kanzu pameachwa wazi. Nikajiona mjuzi wa mila. Si baba wa bibi harusi huku hupelekewa kanzu siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni? Basi na mzee huyu anataka yake. Kesho yake nikapita soko la Owino, nikachagua moja nyeupe yenye nakshi ya rangi ya damu ya mzee kifuani, shilingi elfu sabini, nikampelekea imekunjwa vizuri ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "hii nitaivaa. Lakini kanzu ya kibanja ni ya mwenye ardhi, na yake haishonwi kwa uzi."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuja mara tu nilipoelezwa kuwa ni fedha taslimu, kwamba watu wengi hutaja asilimia 10 ya bei, na kwamba anapewa mtu ambaye sijawahi kumwona: nikasema hiyo ni rushwa. Wengi bado wanaamini hivyo. Wengine wanaichanganya na ile "asilimia ya mwenyekiti", fedha ambazo baadhi ya wenyeviti wa LC1, baraza la kijiji, hudai kwa kushuhudia mauzo na kugonga muhuri. Hiyo ya mwenyekiti sheria haimpi, hata kama amezoea kupewa. Kanzu ina mzizi mwingine kabisa, na ili kuuona lazima ukubali jambo linalogoma kuingia kichwani: ardhi moja yaweza kuwa na wenyewe wawili kwa wakati mmoja, wote halali, wote wakiwa na kitu cha kuuza.

Historia yake kwa kifupi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi ya ufalme kwa maili za mraba. Kabaka alipata 350, na machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000 wakakadiriwa maili 8,000. Ndiyo maana ardhi hiyo inaitwa mailo, na ndiyo, ni maili ile ile ya barabarani. Juu ya maili hizo tayari kulikuwa na watu wanaolima. Hawakuondoka. Mwaka 1928 ikatungwa sheria ya busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka) na envujjo (ushuru wa mazao), ikaweka busuulu ya shilingi 10 kwa mwaka na kumzuia mwenye mailo asiwafukuze ovyo. Idi Amin aliufuta mfumo huo kwa amri ya 1975. Katiba ya 1995 ikaurudisha, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikampa mwenye kibanja ulinzi wa maandishi.

Sasa tuchukue mfano wa steji ya bodaboda. Mwendesha boda anataka kurudi kijijini, anauza pikipiki yake pamoja na nafasi yake stejini. Pikipiki ni yake, anaiuza apendavyo. Nafasi nayo ameifanyia kazi miaka minane, ina wateja, ina thamani. Lakini hawezi kukukabidhi nafasi kwa kukupa funguo tu. Kesho asubuhi ukifika pale peke yako, wenzake watakuuliza wewe ni nani. Lazima mwenyekiti wa steji akutambue, jina la yule likatwe, lako liandikwe, na kuandikwa huko kuna ada yake. Umelipa mara mbili, ila hukulipia kitu kimoja mara mbili. Malipo ya kwanza yamenunua nafasi, ya pili yamenunua kutambuliwa.

Kanzu ni hiyo ya pili. Ni ada ya kutambulishwa. Wazee husema zamani mpangaji mpya alimpelekea mwenye ardhi kanzu halisi, vazi lililofika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 na kugeuka vazi la heshima. Ni simulizi tu, lakini Mswahili wa pwani hana haki ya kulishangaa. Kwao kuna kilemba. Fundi akimaliza kumfunza mwanafunzi hupewa kilemba, mjomba wa bibi harusi ana kilemba chake, na mpangaji mpya wa nyumba au duka ameombwa kilemba mara nyingi, na hakuna anayetarajia kitambaa cha kuzungushia kichwa. Inaelekea watu wa huku na wa kule waligundua kwamba pesa ikivishwa nguo haionekani uchi.

Mfano wa steji una mahali unapovunjika, na hapo ndipo pa kushika. Mwenyekiti wa steji akikuchukia anaweza kukutoa. Mwenye mailo hawezi hivyo kwa mwenye kibanja halali. Sheria inamlinda, miongoni mwa wengine, aliyekaa kwenye ardhi hiyo bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, pamoja na aliyenunua kutoka kwake. Fanya hesabu: aliyehamia mwaka 1999 na kuchimba msingi usiku hamo katika kundi hilo, hata akikuonyesha migomba iliyozeeka.

Kwa nini basi kanzu iwe nene kuliko busuulu? Maelezo haya ni yangu, na sijayakuta katika sheria yoyote. Busuulu imebanwa. Sheria ya 1998 ilianza na shilingi 1,000 kwa mwaka. Kanuni za 2011 ziliweka 50,000 jijini na 5,000 vijijini. Mtu mwenye hati ya ardhi ya mamilioni anapokea kwa mwaka, hata jijini, bei ya kuku wachache. Siku pekee anayoweza kuonja thamani halisi ya ardhi yake ni siku kibanja kinapobadilisha mikono. Maji yaliyozibwa kwenye mfereji wa kila mwaka yanatokea pale mkataba unapoandikwa.

Neno kanzu lenyewe hulikuti katika Sheria ya Ardhi. Unakuta ridhaa: mwenye kibanja anaweza kuhamisha haki yake kwa ridhaa ya mwenye hati. Unakuta pia nafasi ya kwanza. Mwenye kibanja akitaka kuuza, amuulize kwanza mwenye hati kama ananunua yeye, na mwenye hati akitaka kuuza, amuulize kwanza mwenye kibanja. Marekebisho ya 2010 yaliongeza makali: anayeuza kibanja bila kumpa mwenye hati nafasi hiyo anatenda kosa, na haki ile inaweza kumrudia mwenye hati. Yaani milioni 22 zako zimelipwa, na kilichouzwa kimeyeyuka mkononi.

Hapo ndipo mpangilio wa malipo unapokuwa na uzito kuliko bei yenyewe. Desturi niliyoikuta ni kwamba unamlipa mwuzaji kwanza, nusu au yote, mnasaini mbele ya LC, kisha siku moja ukipata nafasi unakwenda "kujitambulisha" kwa mwenye ardhi na kanzu yako. Sheria inataka kinyume chake: ridhaa itangulie, pesa ifuate. Mnunuzi aliyemaliza kulipa ndipo akaenda kuomba ridhaa hana cha kushikilia, na kiasi cha kanzu kitapangwa na mtu anayelijua hilo. Aliye na pesa bado mfukoni anazungumza kwa sauti nyingine. Kama ni kwa awamu, mkataba useme wazi kwamba awamu ya kwanza inafuata barua ya ridhaa, nani anatoa kanzu, na ukichelewa mwezi mmoja unapoteza nini. Benki nyingi hazikubali kibanja kisicho na hati kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, kwa hiyo awamu au pesa taslimu ndizo njia za wengi.

Na baada ya yote hayo bado huna kyapa. Ndivyo hati inavyoitwa kwa Kiganda, na sikio lako halikosei: ni chapa yetu. Ukiitaka, unakaa upya na mwenye mailo. Ama unamlipa, ama mnagawana ardhi yenyewe, wewe ukimwachia kipande naye akikupa hati ya kinachobaki. Ndiyo sababu kibanja ni rahisi kuliko ardhi yenye hati jirani yake. Bei ile ni ya nusu ya kitu.

Anayenunua yenye hati anaepuka kanzu lakini ana mambo yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5, na kipimo si bei mliyoandika bali thamani anayoitoa mthamini wa serikali. Mkikubaliana milioni 60 umeandaa 900,000. Mthamini akisema ni 80, deni lako ni 1,200,000. Ongeza mpimaji wa kufungua mipaka, wakili, na upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, ambao ndio wa bei ndogo kuliko vyote na ndio unaorukwa zaidi. Kama ni ardhi ya familia, mke au mume wa mwuzaji lazima aridhie. Saini ya mmoja haitoshi. Na msomaji wa Kenya, Kongo au Tanzania ajue kwamba asiye raia anaruhusiwa lizi tu, yaani kukodi ardhi kwa muda maalumu, isiyozidi miaka 99.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu nacho kilinipiga chenga: desimali. Ekari moja ina desimali 100, kila moja futi za mraba 435.6. Poloti ya "futi 50 kwa 100" ni futi za mraba 5,000, sawa na desimali 11 na nusu hivi. Lakini mabroka wengi huiita desimali 12 na nusu, ambayo ni moja ya nane ya ekari. Tofauti ni desimali moja, yaani mita za mraba 40: sebule, chumba cha kulala na nafasi ya kuanikia nguo. Ukiuziwa kwa desimali, pimiwa kwa desimali.

Mimi, baada ya kuchekwa, nilikwenda kwa msimamizi wa mwenye ardhi kabla ya kutoa shilingi. Alikuwa na daftari nene la kaunta, kurasa zimejikunja pembeni, mistari imepigwa kwa rula: jina, mipaka, busuulu, kanzu. Akatembeza kidole taratibu hadi kwenye kibanja chetu. Jina lililoandikwa halikuwa la mzee wangu. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, marehemu, na busuulu ya mwisho ilikuwa ya 2009. Mzee hakuwa mwongo. Alirithi kwa mdomo na hakuna aliyekuja kuandikisha. Msimamizi akafunga daftari, akaniambia familia ishughulikie kwanza mirathi, kisha nirudi.

Bado wanaishughulikia. Nilipita Matugga mwezi uliopita, nikamkuta mzee kando ya barabara akielekea kwenye kwanjula ya mjukuu wake, amevaa kanzu yangu. Imemkaa vizuri, ila mikono mirefu kidogo.